Kuku wa Kufumba Macho: Maisha ya Mwalimu Joram Musyoka

Mchungaji, wazee wetu mliosafiri kutoka Mwala, wazee wetu wa Ganda na wa hapa Tezo, walimu, wanafunzi, majirani, na nyinyi mlioketi juani kwa kuwa turubai halikutosha, shikamooni na poleni. Mimi ni Jedida, dada mkubwa wa marehemu, baba mmoja mama mmoja, na nimepewa kazi hii kwa sababu ndimi niliyemwona akianza kutembea na ndimi niliyemfumba macho. Jana nilipokuwa nikiipua sufuria niliombwa niruke sehemu ya ugonjwa, nikaambiwa mambo ya ndani hayasomwi mbele za watu, nami nikaitikia kwa kichwa kwa kuwa mikono ilikuwa na moto, lakini kichwa si mdomo. Kwa hiyo naomba nisivutwe leso, na mwenye kukohoa akohoe sasa, kwa maana nitaisoma jinsi ilivyo mpaka mwisho.

Tena niseme mapema jambo ambalo kila mtu hapa analijua na kila mtu anajifanya hajui, ili nisisome huku nyinyi mnanong'ona, kwamba keshokutwa Jumatatu, wazee wa pande mbili wamepanga kumpeleka mke wa marehemu, wifi yangu Dorcas, akale kiapo cha kipapai kwa mganga, ale kile kipande cha papai lililofanyiwa dawa, akivimba mdomo basi ndiye aliyemwua mwanawe na mumewe, na akikataa kula atoke katika boma hili na watoto wapelekwe Mwala. Sasa niendelee.

Mwalimu Joram Musyoka alizaliwa tarehe 14 Machi mwaka 1942 huko Mwala, wilaya ya Machakos, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu mzee Musyoka na marehemu mama yetu Mueni, nasi tukakua wawili tu katika nyumba ile, mimi nikimbeba mgongoni na yeye akipiga mateke ashuke. Hakuwa mtoto wa kutulia, alikuwa akila amesimama, akitumwa maji kisimani anarudi kwa njia nyingine ili aone kilichoko huko, na mama alizoea kusema kwamba huyu hata kaburini atageuka upande. Leo neno hilo la mama limenirudia tangu alfajiri, na sijapata mahali pa kuliweka.

Alisoma shule ya msingi pale Mwala kuanzia mwaka 1950 hadi mwaka 1957, kisha mwaka 1960 akateremka Pwani kunifuata Malindi, ambako mimi nilikuwa nimetangulia miaka mitatu kabla kwa kazi ya jikoni katika hoteli ya wageni. Bwana Manilal, ambaye namwona pale nyuma pamoja na mama Kanta, alimpa kazi dukani ya kupima misumari na kukata vitambaa, akamruhusu kusoma vitabu vyake mezani wateja wanapopungua, na mama Kanta alikuwa akimpa chai ya tangawizi ya moto sana makusudi, ili angalau akae kitako mpaka ipoe. Alipata shule ya upili mjini Mombasa mwaka 1963, akamaliza mwaka 1966, na mwaka 1967 na 1968 akasomea ualimu, akahitimu vizuri katika masomo ya sayansi.

Alianza kufundisha Januari mwaka 1969 hapo Malindi, akahamia Ganda mwaka 1971, akahamia mjini Kilifi mwaka 1976, akarudi Malindi mwaka 1979, akaja hapa Tezo Januari mwaka 1982, na katika kila mahali alikuwa hajamaliza kupaka nyumba chokaa kabla ya kuandika barua ya kuomba uhamisho mwingine. Walimu wakuu walimpenda wakamchoka. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimletea mahamri mahali alipokuwa akiishi nikaambiwa ameshahama, nikarudi nayo nikayala njiani kwa hasira.

Tarehe 25 Novemba mwaka 1972 alifunga ndoa na Dorcas, binti wa Ganda, mbele ya kanisa lililojaa, wakati huo baba yetu akiwa hai, naye alipokea ukwe huo kwa mikono miwili. Sitawadanganya mbele ya jeneza, mimi na wifi yangu hatujawahi kuwa chanda na pete, yeye hutia nazi hata mahali nazi haikuitwa, nami nikimwambia hununa, akinuna nami nanuna, na kuna Krismasi tuliyoimaliza bila kusemezana. Nalisema hili ili mtu asije akadhani kwamba ninayoyasoma leo yametokana na mapenzi ya mawifi. Kweli haihitaji watu wapendane.

Walijaliwa watoto watatu. Kifungua mimba, Simeon, alizaliwa Ganda tarehe 9 Septemba mwaka 1973, akiwa mtoto mzuri mwenye kucheka, lakini hakutimiza mwaka kabla mikono na miguu yake haijaanza kuvimba, macho yakageuka manjano, damu ikawa inamwishia, na mifupa ikimshika alikuwa akilia kilio ambacho majirani walitoka nyumbani kwao ili wasikisikie. Mwaka 1975 daktari wa Kilifi aliwapima wote watatu, akawaeleza Joram na Dorcas kwa utaratibu kwamba mtoto ana selimundu, ugonjwa wa chembe za damu kupinda kama mundu na kukwama mishipani, kwamba hauambukizwi wala hautumwi na mtu, mtoto huzaliwa nao akiwa amerithi nusu kwa baba na nusu kwa mama, na kwamba wao wawili kila mmoja anabeba nusu moja bila kuugua.

Habari hiyo ilipofika Mwala ilikuwa imebadilika njiani. Baba mdogo, ambaye tunamheshimu na ameketi hapa mbele, alisema kwamba damu ya namna hiyo haijasikika katika nyumba yetu tangu mababu, kwamba hiyo ni damu ya Pwani, na kama Joram naye ameonekana kuwa nayo basi ameitwaa kwa mkewe, kama mtu atwaavyo upele kwa kulala mkeka mmoja. Joram aliandika, akasafiri, akabembeleza, akamwomba baba mdogo na mimi tukapimwe ili ijulikane, baba mdogo akasema damu yake haitoi kwa mtu, nami nilikuwa mwoga wa sindano, basi neno la upele likabaki limesimama pale pale bila wa kulijibu. Simeon alifariki hospitalini Malindi tarehe 2 Juni mwaka 1980, akiwa hajatimiza miaka saba.

Mtoto wa pili, Easter Mueni, aliyechukua jina la mama yetu, alizaliwa siku yenyewe ya Pasaka, tarehe 18 Aprili mwaka 1976, na wa tatu, Ngala, tarehe 30 Oktoba mwaka 1979, wote wazima kama mnavyowaona. Mchungaji atanisamehe, hapa ratiba inataka niende kwenye ugonjwa, lakini nitarudi kidogo kwenye kazi, kwa sababu bila kazi ile ugonjwa hautaeleweka, na kueleweka ndiko alikokufia ndugu yangu.

Baada ya kumzika Simeon, Joram hakulala. Swali lake lilikuwa moja, nalo alimwuliza kila mtu hata wasiohusika, kwamba ikiwa damu hii inaua watoto kabla hawajazaa, kizazi baada ya kizazi, mbona haijakwisha, ilitakiwa iwe imekwisha zamani za mababu. Agosti mwaka 1981 alikwenda Mombasa kwenye mafunzo ya walimu wa bayolojia wakati wa likizo, na huko akafundishwa jambo linaloitwa msawazo wa vinasaba, yaani zile nusu za urithi mtoto anazopewa na wazazi, akarudi nalo kama mtu aliyerudi na mchumba, halali, hali, anazungumza.

Alinieleza mara nyingi nikimenya viazi, kwa hiyo nitalisema nilivyolielewa jikoni. Chukua kundi kubwa la viumbe, watu au kuku au mibuyu, kisha useme hakuna anayeingia wala anayetoka, kila mmoja anapata mwenzi bila kuchaguliwa kwa ile tabia unayoihesabu, hakuna tabia inayouawa kuliko nyingine wala kupendelewa, na urithi wenyewe haugeuki, basi kiasi cha kila urithi kitabaki kile kile, kwa wazazi, kwa watoto na kwa wajukuu, wenye nguvu hautaumeza ulio dhaifu, na uliojificha hautapotea ati kwa sababu umejificha. Mimi nilimwambia kundi kama hilo halipo duniani, watu wanahama, wewe mwenyewe wa kwanza, na watu wanachaguana mpaka kwa meno. Akacheka, akasema ndiyo maana lina faida, kwamba ni kama timazi ya fundi, hakuna ukuta ulio wima kabisa, lakini bila uzi ule hutajua wako umeinamia upande gani wala nani ameuegemea.

Alipohamia hapa Tezo akajenga banda la kuku, lile mnaloliona pale nyuma ya jiko, akaweka kuku wa kawaida pamoja na kuku wa kishingo, wale wenye shingo tupu isiyo na manyoya, alioletewa na mama mkwe wake kutoka Ganda. Wazee wa hapa walimwambia kishingo ni jeuri, baada ya misimu michache watakuwa kishingo watupu, yeye akawaambia hapana, tuwaache tu na tutazame. Akaweka sheria ambazo zilikuwa mateso. Kuku wa nje haingii, hata mama mkwe alipoleta jogoo wa zawadi, jogoo huyo alifungwa kamba kwenye mpapai na mama mkwe akaenda zake bila kunywa chai. Kuku wa ndani hatoki. Na akija mgeni wa kuchinjiwa, Dorcas alilazimika kuingia bandani amefumba macho na kumkamata yeyote atakayeangukia mkononi, asichague mnono wala aliyekonda, asichague mwenye shingo tupu wala asiye nayo, na hivyo tulikula matetea waliokuwa wakitaga na mgeni wa heshima akapewa kifaranga chenye mifupa kama njiti. Watu walicheka mpaka Kilifi mjini. Lakini kila msimu wanafunzi walikuja wakahesabu vifaranga wapya, na kwa misimu kadhaa kishingo hawakuongezeka wala hawakupungua kwa kiasi cha kusemwa.

Kisha msimu mmoja wa mwaka 1983 wakapungua sana. Joram alitoka bandani akamwuliza mkewe ni nani ameingiza mkono humu, na Dorcas, ambaye alikuwa hajamwambia mtu, akakiri kwamba alimpa kaka yake Katana majogoo wa kishingo, kwa kuwa mganga wa Katana alitaka kuku wa namna hiyo hiyo na si mwingine. Sisi tulingoja ugomvi. Badala yake ndugu yangu alifurahi akamkumbatia mkewe mbele yetu, tukaona aibu kutazama, akasema mnaona, sikumwona Katana, sikusikia mlango, nimeujua mkono wake kwa hesabu ya vifaranga peke yake. Hapo ndipo alipojijibu swali la Simeon. Alisema kwamba kama kiasi kikihama, kuna mkono unaotoa, na kama kuna mkono unaotoa mbele ya macho yako na kiasi hakihami, basi upo mkono mwingine unaorudisha, na kwa damu ile selimundu ndiyo inayotoa, sasa atafutwe anayerudisha.

Anayerudisha ni malaria. Waliosoma walikuwa wameshalijua hilo kitambo na yeye alilithibitisha vitabuni, kwamba mtoto aliyerithi nusu mbili huugua selimundu, mtoto asiye na hata moja malaria kali humkuta hana ngao, na yule mwenye nusu moja, tuliyemdhania ndiye mwenye kasoro, mbu humuuma kama wengine lakini malaria kali aghalabu hushindwa naye. Huku kunavuta na huku kunavuta, kamba haiendi popote, na ndiyo sababu damu hiyo iko nyingi mahali palipo na mbu wengi na haijakwisha. Tena akasema kwa hesabu ile ile ya msawazo mtu anaweza kukadiria waliojificha kwa kuwaona wanaoonekana, kwamba katika nchi hii yetu ya Pwani, kwa kila mtoto mmoja anayelia wodini huenda wapo watu zaidi ya ishirini walio wazima, wanalima, wanaimba kwaya, wanaibeba na hawajui. Akaanza kuzunguka Ganda, Tezo na Kilifi kwa miguu, kanisani, kwenye mabaraza, kwenye posa ambazo hakualikwa, akiwaomba vijana wakapimwe kabla ya kuoana, na alifukuzwa mara nyingi, na kuna baraza moja walimwambia arudi akahesabu kuku.

Lazima nimtaje jirani yetu Thoya, naye ameniruhusu. Juni mwaka 1984, baada ya mvua kubwa, Easter na binti wa Thoya aitwaye Idah, waliokuwa wakicheza pamoja na kulingana umri, walishikwa na malaria juma moja, Easter akatoka homa siku ya tatu akaomba uji, Idah akafariki. Maneno yakaanza hapo, wasemao wakasema lisemwalo lipo, kwamba Dorcas alimtoa wake wa kwanza na sasa amemtoa wa jirani ili huyu abaki, na wengine wenu mmeyarudia maneno hayo hapa hapa matangani huku mkila chakula chake. Thoya mwenyewe hakusema, alikuja kwa Joram akamwuliza uso kwa uso, mbona wako na si wangu. Joram akamweleza kwamba Easter alipimwa na ana ile nusu moja, kwamba kitu kile kile kilichomuua Simeon ndicho pengine kilichomkinga dada yake, na kwamba anaona haya kulisema mbele ya mzazi mwenzake. Thoya akauliza, kwa hiyo mwanao alikufa ili bintiyo apone, Joram akasema hapana, hakuna aliyelipa wala aliyelipiwa, hakuna aliyechagua, ni mkono ulioingia bandani umefumba macho. Wanaume wale wawili walilia pale kwenye ua, na tangu siku ile wamekuwa ndugu.

Sasa ugonjwa, hapo nilipoombwa niruke. Mwaka 1986 Joram aligunduliwa kuwa na shinikizo la damu, akaandikiwa dawa na kuamriwa apumzike, dawa akazimeza na kupumzika hakukuweza. Jumapili tarehe 7 Agosti mwaka huu wa 1988, alipotoka kanisani, alianguka karibu na banda la kuku, upande mmoja wa mwili ukiwa umekufa ganzi, akakimbizwa Kilifi kwa pikapu ya mwalimu mkuu, akalazwa, asiweze kusema ila kunishika mkono, na Alhamisi tarehe 11 Agosti, saa kumi jioni, akafariki, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita. Daktari alituita mimi, Dorcas na baba mdogo pamoja, akatueleza kwamba mshipa ulipasuka kichwani kwa sababu ya shinikizo, kwamba ni kiharusi, na haikuwa selimundu wala sumu wala mtu. Baba mdogo alikuwa anaitikia kwa kichwa kama anayeelewa.

Jumapili tarehe 14 wazee wakaketi chini ya turubai hili. Waliotoka Mwala, ambao tangu nizaliwe wanawadharau waganga wa Pwani, safari hii wakawaona wa maana, wakasema kikulacho ki nguoni mwako, mtoto kafa, jirani kafiwa, mume kafa, na katikati yuko mwanamke mmoja. Katana, kaka yake Dorcas, akasema dada yake hana hatia, kwa hiyo na ale kipapai arudi kichwa juu, akidhani anamtetea. Mchungaji akasema kanisa halikubali lakini hayo ni mambo ya familia. Dorcas hakuulizwa. Leo asubuhi wanawake walimwambia aende bandani awakamatie kuku wa wageni, wakamsisitiza achague wanono kwa kuwa kuna wazee, nami nilikuwa nimesimama mlangoni nikamwona, mwanamke anayengojewa na kiapo, ameingia akafumba macho, akanyoosha mikono. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia.

Imebaki shukrani. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kilifi, kwanza kwa jinsi walivyomhudumia Joram bila kuchoka, na pili, na hili sijamwambia mtu, hata wifi yangu analisikia sasa pamoja nanyi, namshukuru binti wa maabara aliyenipokea Jumatatu tarehe 15 Agosti, nilipoaga hapa kwamba nakwenda kununua mchele. Nilimnyooshea kidole akanichoma. Nilijiambia kwamba ikiwa familia hii inataka kiapo basi nitakula cha kwetu kwanza, na nilijua wazi, Joram alinifundisha, kwamba mtoto wa mzazi anayebeba anaweza kuirithi au kuikosa, nusu kwa nusu, na kama ningeikosa isingethibitisha neno lolote juu ya Dorcas, lakini nawajua watu wetu, mngesema mmeona. Jumatano tarehe 17 nilirudi kuchukua majibu, nikakaa kwenye benchi na wanawake wenye watoto.

Ninayo. Baba mdogo, nisikilize vizuri, ninayo ile nusu, kama Joram alivyokuwa nayo. Mimi sikuolewa Ganda, marehemu mume wangu alikuwa mtu wa Mwala kama wewe, sijalala mkeka mmoja na Dorcas, na kwa ugomvi wetu hata kikombe hatushiriki. Nimeipata pale alipoipata ndugu yangu, kwa baba yetu au kwa mama yetu, ndani ya nyumba ile ile mnayosema haijawahi kuisikia, na ilikuwamo kimya tangu mababu, imekaa na sisi mezani. Miaka thelathini na moja nimeishi Malindi sijalazwa kwa malaria hata mara moja, nikidhani mbu wanaogopa ukali wangu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio ndicho hiki. Kwa hiyo keshokutwa, kama papai bado litakatwa, likatwe vipande vya kutosha, cha kwanza nipewe mimi, cha pili apewe baba mdogo, na Dorcas asimame nyuma yetu.

Tunawashukuru majirani wa Tezo, hasa Thoya, aliyechimba kaburi hili kwa mikono yake na kukataa kupokewa jembe. Tunawashukuru walimu na wanafunzi, bwana Manilal na mama Kanta, kwaya, na wote waliobeba maji. Easter na Ngala, mkikua na kufikia posa, Easter yako umeshaijua, Ngala kapimwe kwanza, na mchumba wa kila mmoja naye akapimwe, baba yenu alilitembelea hilo mpaka viatu vikaisha. Wifi yangu Dorcas, nazi tia upendavyo.

Joram, mdogo wangu, ulihama Mwala, ukahama Malindi, Ganda na Kilifi, na sisi tumechoka kukufuata na mahamri. Mkeo habanduki hapa, wanao hawabanduki, nami sitoki Tezo mpaka Jumatatu ipite. Basi lala, tulia, pumzika kwa amani yote uliyotunyima ulipokuwa hai, na safari hii usiombe uhamisho.